Lord of the Rings au Game of Thrones: uanze na ipi?

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, anasubiri kuitwa JKT, na ana wiki tatu za kula na kulala. Juzi saa tano usiku akanitumia ujumbe: "Shikamoo anko. Nianze Lord of the Rings au Game of Thrones? Jibu fasta, bando la usiku linaisha." Nikamjibu kwa maneno mawili, "Anza Lord", nikalala. Asubuhi nikaona nimemdhulumu kijana. Kuna mambo matatu ambayo hakuyataja na ndiyo yanayoamua: atatazama na nani, atatazamia kwenye kioo gani, na kama ni mtu wa kuvumilia hadithi ikimharibikia mwishoni.

Mmoja alimaliza, mwingine hajamaliza

Watu wakizilinganisha hizi mbili huanza na mapanga na majoka. Mimi huanza na vitabu, maana zote, Lord of the Rings ya filamu tatu na Game of Thrones ya tamthilia ya runinga, zimetoka vitabuni, na huko ndiko njia zao zilikoachana.

J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alichapisha hadithi yake kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955. Peter Jackson, mwongozaji wa filamu hizo, alipowasha kamera kule New Zealand mwaka 1999, mzee alikuwa na miaka 26 kaburini na hadithi ilikuwa na kichwa, kiwiliwili na miguu. Kazi ya Jackson ikawa kupunguza. Alimtoa mhusika aitwaye Tom Bombadil mzima mzima. Akatoa pia ile sura ya karibu na mwisho ambapo Hobbit, wale watu wafupi wa hadithi hii, wanarudi kwao kutoka vitani na kukuta kijiji kimeshikwa na wahuni, sura ambayo mimi naiona ndiyo chumvi ya kitabu chote. Christopher, mtoto wa Tolkien, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba kitabu cha baba yake kimetolewa matumbo na kugeuzwa filamu ya mapigano ya vijana. Namwelewa. Ila fundi aliyepewa kitambaa kirefu, hata akikata vibaya, gauni litabana kwapani lakini pindo litafika chini.

Sasa njoo kwa George R. R. Martin. Kitabu cha kwanza alikitoa mwaka 1996, na cha tano Julai 2011, miezi mitatu baada ya HBO, kituo cha runinga cha Marekani, kuanza kuonyesha tamthilia, Aprili 17. Cha sita bado kinasubiriwa. David Benioff na D. B. Weiss, walioisimamia tamthilia, walianza kushona wakiwa na kitambaa cha kutosha, na misimu minne ya kwanza imekaa mwilini barabara. Kuanzia wa tano kitambaa kikaanza kuwaishia mkononi, na kufikia wa saba wanashona kwa kukisia pamoja na yale machache aliyowadokeza mwandishi.

Hili utaliona kwenye safari. Msimu wa kwanza, msafara wa mfalme kutoka kaskazini kwenda mji mkuu unatumia episodi nzima barabarani, na hapo hapo barabarani, kwa ugomvi wa watoto na mbwa mwitu, urafiki wa koo mbili unaanza kupasuka. Msimu wa saba mtu anatuma kunguru aombe msaada, na joka limefika kabla chai haijapoa. Hata hesabu inasema: misimu sita ya mwanzo ina episodi 10 kila mmoja, wa saba 7, wa nane 6. Ilipofika Mei 19, 2019, ikaisha, na watu zaidi ya milioni moja walishatia saini mtandaoni kudai msimu wa mwisho urudiwe upya. Mimi sikutia. Sina ugomvi na mahali hadithi ilipofika. Ugomvi wangu ni mwendo wa bodaboda asiye na breki waliotumia kufika.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kusema "saa zangu nani atanirudishia", jibu umeshapata. Lakini usiondoke bado, maana Game of Thrones ina mambo ambayo Lord of the Rings haina hata ikafanyweje.

Saa na gigabaiti

Filamu tatu za Jackson, zile zilizoonyeshwa sinema mwaka 2001, 2002 na 2003, zina jumla ya saa 9 na dakika 18. Kuna toleo refu linalozidi saa 11. Hilo waachie waliokwisha kupenda. Game of Thrones ni episodi 73, takriban saa 70.

Sasa piga hesabu ya bando. Netflix hutaja hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa HD. Ukitumia kipimo hicho, Lord of the Rings inakula GB 9 na ushei, au 28 kwa HD. Game of Thrones inakula 70, au 210. Kwa mwanafunzi anayesubiri JKT na kununua bando la usiku, hiyo ya pili ni mradi.

Sebuleni kuna nani?

Hapa ndipo ningependa kupiga kelele.

Miaka hiyo nilikaa kwa mama mdogo, Tabata. Runinga ilikuwa moja, sebuleni, na baada ya chakula cha usiku kila mtu yuko pale: mama mdogo anachambua mchele wa kesho, watoto wamelala mkekani, mimi nina flashi niliyotoka nayo laibrari ya muvi. Nikamwambia, "Mama mdogo, leo kuna tamthilia ya wafalme." Akafurahi, anapenda mambo ya wafalme. Hatukufika mwisho wa episodi ya kwanza. Niliiona hatari inakuja sekunde mbili kabla, nikavamia rimoti, nikabonyeza kila kitu kilichobonyezeka, nikachomoa flashi kwa mkono. "Imekwama," nikasema. "Flashi mbovu." Mama mdogo hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Mbona ilikuwa nzima mpaka walipoanza kuvua nguo?"

Game of Thrones ni ya peke yako, au na wenzako wa rika. Uchi upo, na upo mwingi, hasa misimu ya mwanzo. Baya zaidi ni ubakaji, ambao umeonyeshwa zaidi ya mara moja na mara nyingine bila sababu ninayoiona. Mtu asikudanganye kwamba utaruka vipande. Vipande hivyo ndivyo humo humo watu wanaambizana siri za hadithi.

Lord of the Rings tuliitazama wote, Jumamosi tatu mfululizo. Kuna vichwa vinakatwa, na yule buibui wa filamu ya tatu alimfanya mtoto wa mwisho ahamie mapajani kwa mama yake, lakini hakuna aliyelazimika kuangalia ukutani. Mama mdogo alimpenda Gollum, kile kiumbe chembamba, alimwita "yule mkonda", akawa anauliza kila dakika yuko wapi. Kosa pekee ni mwisho wa filamu ya tatu, ambao unaisha, halafu unaisha tena. Mama mdogo aliinuka mara tatu kwenda kutoa vyombo akidhani tayari, na mara tatu akarudi kukaa.

Steringi hafi?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna sheria yetu: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, ila mwisho atarudi. Lord of the Rings inaiheshimu sheria hiyo kwa kiasi kikubwa. Unahuzunika, unapoteza mmoja au wawili njiani, lakini hukai na wasiwasi kwamba mkokoteni wote utapinduka.

Game of Thrones iliivunja sheria kabla msimu wa kwanza haujaisha. Nakumbuka kijana mmoja pale laibrari aligoma kuchukua msimu wa pili: "Sasa naangalia nini, na steringi wameshamchinja?" Alikuwa na haki ya kukasirika, ila alikosea kufikiri kwamba ni ujinga wa mwandishi. Martin ameazima historia. Ugomvi wa koo zake umeegemea vita vya York na Lancaster kule Uingereza, na ile harusi ya msimu wa tatu, ambayo sitakuharibia, ina mzizi kwenye karamu ya mauaji ya mwaka 1440 huko Scotland. Na sisi wenyewe hatukuhitaji Waingereza watufundishe. Fumo Liyongo, ambaye mkuki haukumwingia, alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo. Aliyekua na kisa hicho hapaswi kushangaa sana steringi akifa mikononi mwa watu wake.

Siasa

Hili ndilo ninalolipenda, na ndipo ninapogawanyika.

Siasa ya Lord of the Rings ni swali moja: nguvu kubwa kupita kiasi ikikuangukia mkononi, uitumie kwa wema au uiangamize? Nguvu hiyo imo kwenye Pete ya adui. Kwenye baraza linaloitishwa kuamua ifanyweje, shujaa mmoja, Boromir, anasimama na kusema tuichukue Pete tumpige nayo adui. Simchukii Boromir. Watu wake ndio wanaokufa mpakani huku wengine wakinywa divai. Hoja yake ndiyo ile ile ya kila mwaka wa uchaguzi pale kijiweni: tatizo si kiti, tatizo ni aliyekalia, mweke wa kwetu uone atakavyonyoosha mambo. Mchawi Gandalf, mwenye busara kuliko wote, anapopewa Pete anaikataa kwa hofu, na anachokiogopa ni ile hamu yake mwenyewe ya kutenda mema. Hicho kipande nimekirudia mara nyingi kuliko vita vyote. Wasomaji waliwahi kusema Pete ni bomu la nyuklia. Tolkien alikana, akasema hapendi hadithi za mafumbo ya namna hiyo. Sawa, si bomu. Basi kila mtu ataweka chake.

Lakini ukishaiangamiza Pete, unatawala vipi kesho yake? Hapo filamu inaimba, inavisha mtu taji na kukuaga. Martin mwenyewe, anayemheshimu sana Tolkien, alilishika hilo kwenye mahojiano na Rolling Stone mwaka 2014: Aragorn, huyo aliyevishwa taji, alitoza kodi gani? Na wale orki, askari wa adui waliobaki, aliwafanya nini? Mtanzania aliyekatwa tozo ya miamala ya simu mwaka 2021 haoni kama swali la kodi ni utani.

Game of Thrones inajibu. Ndani yake ufalme una deni, benki ya ng'ambo inadai, waziri wa fedha anakopa huku ili alipe kule, na mahindi, samahani, nafaka ikizuiwa njiani mji mkuu unafanya vurugu. Nani mwana halali, nani ana jeshi, nani ana chakula. Msimu wa pili, Varys, mkuu wa majasusi, anampa Tyrion, mshauri mkuu wa mfalme, kitendawili: mfalme, kasisi na tajiri wamekaa chumba kimoja, katikati yao askari wa kukodiwa mwenye upanga, kila mmoja anamwamuru awaue wawili wengine. Nani atapona? Nilikitega kijiweni bila kusema nimekitoa wapi. Fundi pikipiki akasema tajiri, bila kufikiri. Mzee mmoja akasema kasisi, kwa sababu askari naye atakufa siku moja na anajua. Muuza kahawa akamimina, akapangusa kikombe, akasema, "Mmeshauliza huyo askari kala lini?" Kahawa ya siku hiyo nililipia mimi.

Halafu kuna kipande cha episodi ya mwisho ambacho watu wamekisahau kwa sababu ya hasira. Wakubwa wamekaa kuamua nani atawale. Sam, kijana mpenda vitabu, anapendekeza kwa aibu kwamba pengine watu wote wachague. Wanacheka. Mmoja anauliza kama na mbwa nao wapige kura. Msimu ule una makosa chungu nzima, ila kicheko kile ni cha kweli kabisa.

Kwa hiyo ukitaka siasa ya kufikiria ukiwa umelala chali, Tolkien. Ukitaka siasa ya kubishania, iliyojaa watu unaowafahamu mtaani kwenu kwa majina mengine, Martin, na hakuna wa kumfikia.

Kioo, giza na mtafsiri

Zote mbili zina vita vya usiku, na ndipo utakapopima runinga yako. Vita vya Helm's Deep kwenye filamu ya pili ya Jackson ni vya usiku na mvua juu, lakini hata kwenye kioo cha inchi 14 unaona nani anampiga nani. Episodi ya tatu ya msimu wa nane wa Game of Thrones, ya dakika 82, ilipigwa kwa usiku 55, na watu wakalalamika hawakuona kitu. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijitetea kuwa watu hawajui kurekebisha runinga zao. Pengine. Mimi niliitazama saa nane mchana kwenye faili lililobanwa mpaka giza likawa vigae-vigae. Nikatundika khanga mbili za mama mdogo dirishani, nikaishia kuona uso wangu kwenye kioo. Irudie usiku, taa zimezimwa, kwa faili zuri. Kwenye simu, usijisumbue.

Wanaodhani filamu ya 2001 itakuwa imechakaa watashangaa. Jackson alitumia ujanja wa zamani: kumfanya Gandalf awe mrefu kuliko Frodo, yule Hobbit, alimkalisha mmoja karibu na kamera na mwingine mbali, wakaonekana wamekaa bega kwa bega. Ujanja huo hauzeeki. Na kwa wale wanaobishana siku hizi kama akili mnemba imeharibu sinema, majeshi yale ya maelfu yalitengenezwa kwa programu iitwayo Massive, ambayo kila askari wa kompyuta alikuwa "anaona" aliye mbele yake na kuamua mwenyewe kupiga au kukwepa. Zaidi ya miaka 20 iliyopita. Game of Thrones inashinda kwa majoka, hilo halina ubishi.

Kuhusu muvi za kutafsiriwa, zile ambazo sauti moja inasema watu wote: Lord of the Rings inavumilia. Mtafsiri niliyemsikia alimwita Legolas "dogo wa mishale" na tukaenda naye vizuri tu, maana watu wanatembea, wanapigana, wanatembea. Game of Thrones inakufa. Ni watu wawili chumbani wakidanganyana kwa dakika sita, na utamu wote uko kwenye neno lililochaguliwa. Mtafsiri akishasema "hapa wanapanga njama", kila kitu kimepotea. Tafuta maandishi ya chini, hata ya Kiingereza cha kuungaunga, na uwe na karatasi. Mimi niliuchora ukoo wa Targaryen, wenye majoka, nyuma ya daftari la hesabu na bado nilimkosea shangazi mmoja.

Ukishamaliza

Zote zimezaa. Rings of Power ya mwaka 2022 ni nzuri kuangalia na nzito kusubiri. House of the Dragon ya mwaka huo huo ni bora zaidi, na imetoka kwenye kitabu ambacho Martin ameshakichapisha, ingawa nacho kinasubiri juzuu la pili. Zote mbili zilizusha kelele kwa kuwapa nafasi waigizaji weusi. Kelele za ukoo wa Velaryon, wa House of the Dragon, ndizo zilinichekesha zaidi: hao ni mabaharia na wafanyabiashara, merikebu zao zimefika kila bandari, halafu mtu anashangaa rangi zao hazilingani. Aende Lamu au Unguja, apige hodi nyumba yoyote, ahesabu rangi za watoto wa baba mmoja.

Na kama umekulia kwenye Marvel, umezoea mtu kurusha mzaha kila baada ya ngumi mbili, filamu ya kwanza ya Jackson itakuchosha saa ya kwanza yote, mpaka watoke kijijini. Vumilia. Anayetaka mashujaa lakini kwa ukatili wa Game of Thrones ana tamthilia ya The Boys, na onyo la sebuleni ni lile lile.

Basi ningempangia hivi. Lord of the Rings, matoleo mafupi, siku tatu. Kisha Game of Thrones msimu wa kwanza hadi wa nne, usiku, peke yake. Apumzike, aende JKT. Akirudi bado ana hamu, aendelee, akijua kwamba kitambaa kitaisha.

Nikamwandikia yote hayo, ujumbe mrefu kama barua ya posa. Jibu likaja saa saba mchana: "Asante anko, ila nilishaanza GoT jana. Niko episodi ya tano. Mama kapita sebuleni mara mbili, nimemwambia naangalia mpira."